Tumaini Lisilo na Tarehe

Ndugu zangu, kuna mstari mmoja wa Biblia ambao hapa Nyarugusu tunaupenda kupita mingine: Yeremia 29:11. Umeandikwa kwenye kuta za udongo, umedariziwa kwenye vitambaa vya meza, uko kwenye simu za vijana. Ndio ule unaotuambia kwamba Mungu ametuwekea mipango ya amani na mwisho mwema. Tukiusikia, wengi wetu tunaelewa jambo moja tu: ndege. Kanisa zima linaitika, "Mwaka huu hautupiti!"

Nataka kuuliza swali ambalo watu wengi wanaliuliza kwa sauti ya chini. Je, kutumaini ni kujua tarehe? Na mtu akisema "labda bado sana," ndiyo kusema amekosa imani?

Mstari ule ni sehemu ya barua. Mfalme wa Babeli alikuwa amewahamisha watu wa Yerusalemu kwa nguvu, pamoja na mfalme wao Yekonia, makuhani na mafundi. Yeremia, aliyebaki nyumbani, akawaandikia. Ukianza kuisoma barua kutoka juu, kabla hujafika kwenye ule mstari wetu unakuta maagizo ya kazi: wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha, wautafute usalama wa mji walipo na kuuombea. Halafu kuna hesabu: miaka 70. Yaani wengi waliosomewa barua ile wangezikwa Babeli. Ahadi ya mwisho mwema walipewa watu walioambiwa pia kwamba safari ni ndefu.

Sura iliyotangulia inamtaja nabii mwingine, Hanania. Huyu alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara. Hanania akaivua na kuivunja mbele ya watu. Bila shaka walishangilia, nani asingeshangilia? Kinachonigusa ni kwamba Yeremia mwenyewe alijibu kwanza "Amina." Alitamani iwe kweli. Hakuwa mtu wa kufurahia uchungu wa wenzake. Lakini kutamani jambo si sawa na kuambiwa na Mungu kwamba litatokea.

Na yule aliyesema ukweli alishitakiwa. Mtu mmoja aitwaye Shemaya aliandika kutoka Babeli akidai Yeremia akamatwe, kwa kosa la kuwaambia watu kwamba watakaa muda mrefu. Basi si jambo jipya mtu wa namna hiyo kuitwa mkatisha-tamaa.

Sisi tunawajua akina Hanania wetu. Kambi hii ilianza mwaka 1996, tulipokimbia vita ya Kivu Kusini, na tangu hapo tarehe zimetabiriwa nyingi. Mwaka 2025 ulipoanza, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamemaliza mahojiano na vipimo vya afya waliambiwa wasubiri. Fikiria mtu aliyeuza godoro na masufuria kwa sababu alijua anaondoka. Aliyemhakikishia tarehe kwa jina la Bwana leo yuko wapi? Mimi naona ubaya wa tumaini lenye tarehe ni kwamba linakula siku zote zilizo kabla ya tarehe hiyo. Mtoto haandikishwi shule, "tunaondoka tu." Paa linalovuja haliezekwi. Binti haanzi cherehani. Na tarehe ikipita, mtu anaanza kujiuliza dhambi yake ni ipi, wakati kilichobadilika ni uamuzi wa ofisi iliyo mbali.

Najua kuna mtu atanipinga: "Kwa hiyo tukubali tu kukaa hapa? Turidhike?" Hapana, na hapa naomba ndugu zetu wa mashirika nao wasikilize. Barua ya Yeremia isigeuzwe kuwa semina ya uvumilivu. Aliyewaandikia wafungwa alikuwa naye ndani ya mateso yale yale. Hakuandika kutoka mahali pa raha. Tena bustani inataka ardhi. Mkimbizi ambaye hawezi kutoka kambini bila kibali, na ambaye mgao wake umepunguzwa, ukimwambia "jitegemee" umempa nusu ya barua. Anayehubiri kupanda asaidie pia kutafuta mahali pa kupanda, na aseme wazi mbele ya wakubwa pale panapokatazwa.

Lakini hata ndani ya hayo, naona watu wanaoishi barua ile yote. Kuna mama anayepanda lengalenga nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapomwagika. Dosiye yake iko wazi, na akiitwa kesho ataenda. Lengalenga hiyo ataila nani? Jirani. Sasa nani ana imani hapo, yeye au aliyekunja mikono akisubiri tangazo? Kwangu huyo mama hajakata tamaa wala hajidanganyi. Kazi ya Mungu amemwachia Mungu, yake anaifanya.

Na nyumbani hatujakusahau. Yerusalemu ilipokuwa imezingirwa, Yeremia alinunua shamba kwa binamu yake Hanameli, akalipa shekeli 17 za fedha, akaagiza hati ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Wazee wetu wanafanya hivyo hivyo: cheti cha shule, karatasi ya kiwanja cha Fizi au Uvira, vimefungwa kwenye plastiki juu ya dari.

Kwa hiyo, mtumishi akikutajia mwezi wa kuondoka, itikia Amina kama Yeremia, maana sote tunatamani. Kisha mwandikishe mtoto shule, ziba paa kabla ya mvua, na godoro usiuze.