Kiapo Kinaanza Wapi?

Kijana wangu anataka kuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji. Hapa Ikonge hatuna bahari, tuna majani chai tu. Lakini njia anaijua: kwanza mafunzo ya kadeti kule Lanet, Nakuru, halafu kambi ya Mtongwe, Mombasa.

Kabla ya usajili, mtu mmoja aliniambia, "Mzee, bila kitu kidogo hapati." Najua usajili wa KDF ni bure. Hata hivyo nilianza kumwangalia ng'ombe wangu kwa bei. Nikajiambia wito ni wa Mungu, mimi nafungua mlango tu.

Kijana akaniuliza, "Baba, afisa huapa kulinda nchi. Nitaapaje kama nimeshaiibia?" Nikanyamaza.

Kutoka 23:8 inatuonya kwamba rushwa humpofusha hata mwenye macho. Mimi nilipofushwa na upendo wa mzazi. Sikumwona kijana mwingine, ambaye nafasi ni yake na mamake hana ng'ombe wa kuuza.

Hatukulipa. Wangu akakosa. Saa hii anachuma chai, anangojea usajili mwingine, na usiku analala vizuri. Mzazi mwenzangu, wito wa kweli unaweza kungoja. Tuwaombee vijana wetu.