Je, Anayejua Amwambie Asiyejua?

Wengi wetu tuliohamia ughaibuni hatukubeba mali nyingi. Lakini wapo waliofungiwa na wazee wao kitu kidogo kwenye kitambaa, wakaambiwa: kiweke, siku ya dhiki kitakufaa. Mara nyingine kitu hicho ni sarafu ya dhahabu. Na siku ya dhiki inapofika, huzuka swali ambalo si la fedha tu: bei ya haki ni ipi, na nani ana wajibu wa kuitaja?

Tuchukue sarafu moja inayotuhusu, ile ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeifungia koloni ya Wajerumani njia ya bahari na fedha zikaadimika. Ndipo wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja una tai wa dola ya Kijerumani, na upande wa pili una ndovu aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Zilipigwa kiasi cha 16,000 tu. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora.

Sarafu hii ina bei mbili. Ya kwanza ni ya mizani: uzito wake ni gramu 7 na ushei, karati 18, yaani dhahabu safi ya gramu 5.4 hivi. Ya pili ni bei ya wakusanyaji, ambao hawanunui dhahabu bali wananunua uchache, historia, na hali ya sarafu yenyewe: haikusuguliwa, haikutobolewa, haikuchomelewa kishikizo ili ivaliwe shingoni. Bei hii ya pili huweza kuifikia ile ya kwanza mara kadhaa.

Haya, tuseme mama mmoja amepigiwa simu kutoka nyumbani. Kuna mgonjwa, na hospitali inataka malipo. Anaitoa sarafu aliyoachiwa na marehemu baba yake na kuipeleka kwa sonara wa kwao, mtu wanayezikana na kualikana harusini. Sonara anamwona yule ndovu, na anajua. Anaiweka kwenye mizani, anasema: “Dada, bei ya dhahabu leo ni kadha wa kadha. Nakupa yote, sikukati hata senti.” Hakusema uongo hata neno moja. Je, amemdhulumu?

Wapo watakaosema la. Bei ni mapatano, na kila mtu na macho yake. Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kuelekea huko mwaka 1817, katika kesi ya Laidlaw na Organ. Mnunuzi wa tumbaku kule New Orleans alipata habari kwamba vita na Uingereza vimekwisha kabla muuzaji hajazisikia, akanunua kwa bei ya chini. Mahakama ilisema mnunuzi halazimiki kutoa habari alizonazo. Lakini ikaongeza kwamba asitende wala kusema lolote la kumhadaa mwenziwe.

Mrumi Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, alilitazama jambo hili upande wa pili. Mfanyabiashara amefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine zi njiani. Awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya juu? Cicero alihukumu kwamba anapaswa kusema. Na sisi watu wa pwani tunayo kanuni tuliyoipokea katika sheria ya Kiislamu: ni marufuku kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kuijua bei. Akilakiwa, muuzaji ana hiari ya kuuvunja mkataba akishafika sokoni.

Mimi naona yule sonara amedhulumu. Faida si haramu. Sonara amejifunza miaka mingi, analipa kodi ya duka, na anabeba hatari ya kununua ya bandia. Elimu yake ina ujira. Lakini ujira wa elimu hupatikana kwa kuitumia kumfaa mtu, au kwa kugundua kitu ambacho hakuna aliyekiona. Yeye amelipwa kwa kuifumba mbele ya mtu aliyemjia kwa sababu ya elimu hiyohiyo. Tena yule mama hakwenda duka la pili kwa kuwa alimwamini wa kwanza. Kwa hiyo kilichomtajirisha sonara si dhahabu wala ujuzi, ni imani ya mwenziwe. Nasi ugenini hatuna mtaji mkubwa kuliko huo.

Tena njia ya halali ilikuwapo. Angesema: “Dada, hii si ya kuyeyusha. Niachie nikuuzie, unipe udalali wangu.” Wote wawili wangekula, na hospitali ingelipwa.

Lakini mizani ina sahani mbili. Muuzaji naye asijifanye kipofu. Usilolijua ni usiku wa giza, ila siku hizi taa zipo. Uliza kwa wafanyabiashara wawili au watatu. Tazama bei ambazo sarafu kama yako zimeuzwa kweli mnadani, si zile zinazoombwa tu, na ukumbuke kutoa ada ya mnada. Usiisugue ing’are, kwani utaifuta thamani yake. Na kama iliwahi kuchomelewa kishikizo kisha kikaondolewa, mwambie mnunuzi. Anayelalamika kwamba amefichwa naye asifiche.

Wala tusisahau ndugu waliobaki nyumbani. Sarafu ya marehemu baba ina warithi. Aliyeishika mkononi si lazima awe mwenyewe peke yake, na anayeiuza bila kuwaambia wenziwe anafanya lilelile alilofanya sonara: anajua, na amenyamaza.

Basi kipimo changu ni hiki, ndugu msomaji. Bei ya haki ni ile ambayo, mwenzio akija kujua kesho yote unayoyajua wewe leo, bado mtaweza kukutana msibani na kupeana mikono.