Watoto Waliovuka Rusizi Tuwaandike kwa Jina la Nani?

Sisi tuko Buyenzi, Bujumbura. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kushuka uwanda wa Rusizi, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka mto kuingia Burundi, wengi wakilala kwanza katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Miongoni mwao walikuwemo watoto waliovuka bila baba wala mama. Baadhi yetu, wakimbizi wa siku nyingi hapa mjini, tuliwapokea majumbani. Si wachanga hawa. Ni watoto wa miaka 9, 11, 13, wenye akili zao na kumbukumbu zao. Swali letu ni hili: je, ni haki kuwafanya watoto wetu kabisa, kwa jina na kwa karatasi, tangu siku za mwanzo?

Kwanza tuseme siku hizo zilivyo. Mtoto mkubwa anayeingia nyumba ngeni hana fujo. Anaomba ruhusa ya kunywa maji. Ukimwuliza kama ameshiba anajibu ndiyo, hata kama hajagusa mboga. Usiku unakuta kipande cha ugali kimefungwa katika kitambaa chini ya mto. Si mwizi, ila amekwisha kuiona siku isiyo na chakula. Mwenye mdogo wake hamwachi. Binti wa miaka 13 anamchotea nduguye maji ya kuoga, anampa ndagala za sahani yake mwenyewe, na ukimwambia pumzika, nitafanya mimi, anakutazama kama umemnyang'anya kitu. Pikipiki ikipita usiku wote wawili wanaamka na kuvaa viatu. Majirani wanasifu: watoto hawa wana heshima! Sisi tunasita kuiita heshima. Ni tabia ya mgeni asiyejua atakaa siku ngapi. Mara nyingi ni baada ya wiki kadhaa, siku anapokubishia na kununa, ndipo unajua ameanza kukaa.

Katika siku hizo hizo ushauri unaanza kuja, na unatoka kwa watu wema. Wafundisheni kusema Mama na Baba, ya zamani watayasahau upesi. Waandikisheni kwa jina lenu, kama wa kuzaa, ili posho itoke pamoja na faili iwe moja. Siku mkipata nafasi ya nchi ya tatu hawataachwa nyuma. Juu yake wanaweka methali: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hatuudharau ushauri huu. Kila jamaa ya wakimbizi inajua uchungu wa jina kukosekana kwenye orodha. Na hofu ya kutenganishwa mara ya pili ni ya kweli. Mtoto mwenyewe anaiogopa kuliko sisi sote.

Hata hivyo tumekataa, na tunataka kueleza kwa nini.

Mtoto aliyepotezana na wazazi vitani si lazima awe yatima. Mama anaweza kuwa Musenyi, au amerudi Kamanyola, au yuko Nyarugusu upande wa Tanzania. Msalaba Mwekundu hutafuta kwa vitu vichache: jina la mtoto, la baba, la mama, kijiji, mahali walipoachana. Baada ya mauaji ya 1994 ya Rwanda, watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na jamaa zao waliandikishwa katika nchi ile na nchi jirani. Picha zao zilibandikwa ili wazazi wapite watazame, na makumi ya maelfu walirudi kwao. Waliokuwa wadogo mno kujua majina ya wazazi ndio waliokuwa kazi ngumu. Sasa binti wa miaka 13 anayajua majina yote, mpaka ya mzee wa kijiji. Tukimwandika kwa jina letu, tumemrudisha kuwa kama mtoto asiyejua lake. Mama akifika ofisini akamtaja, ataambiwa hayupo, na kumbe binti yuko mtaa wa pili anapepeta mchele. Upendo gani huo unaomficha mtoto asionekane na mamaye?

Walioandika sheria waliliona jambo hili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda jina la mtoto na undugu wake katika kifungu cha 8, na katika kifungu cha 22 unazitaka nchi zisaidie kuwatafuta wazazi wa mtoto mkimbizi.

Lakini sisi ni watu wa kanisa, tusiishie kwenye sheria. Fungueni Esta 2. Mordekai alimlea Esta, binti wa ndugu ya baba yake, naye alikuwa amefiwa na wazazi. Wote wawili walikuwa watu wa uhamisho, mbali na Yerusalemu. Mstari wa 7 unasema bila kusita kwamba alimtwaa kuwa binti yake. Ila mstari wa 15, zamu ya Esta ilipofika kuingia kwa mfalme, unamtaja kwanza kwa baba yake mzazi, Abihaili, na papo hapo unamtaja Mordekai aliyemtwaa. Baba wawili katika mstari mmoja. Abihaili alikuwa amekwisha kufa, hana la kudai, na jina lake halikufutwa. Mordekai naye hakupungukiwa na kitu.

Mtu atatuuliza: mbona Mordekai huyo huyo alimwagiza Esta afiche kabila lake? Ni kweli, alimwagiza. Kuna wakati wa kunyamaza mbele ya mtu anayeweza kukuua, na sisi tuliopitia vizuizi vya barabarani hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini kumnyamazia adui si sawa na kumsahaulisha mtoto. Esta alijua yeye ni nani, na siku ilipohitajika alisema.

Kuna na upande wa uongo wenyewe, ambao wengi wanauita uongo mdogo. Hapa karibu, Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini. Walionusurika wengi walihamishiwa Marekani miaka iliyofuata. Mtu anaposafiri hivyo, karatasi yake inasafiri naye, na kila atakachoomba baadaye kitapimwa kwa karatasi ile. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA za wakimbizi wa Afrika walioomba kuungana na jamaa zao, ikianzia Nairobi. Familia nyingi undugu wao haukuthibitika, na mwaka huo huo mpango ukasimamishwa, usifunguliwe tena mpaka 2012. Walikuwemo waliouza nafasi, hatukatai. Lakini mlezi mwema aliyemwandika yatima kama wa kuzaa naye kipimo kingemtoa mwongo, kwa maana kipimo hakiulizi ni nani alikesha na mtoto akiwa na malaria. Fomu zina nafasi ya kuandika mtoto wa kulelewa. Gharama yake ipo: mahojiano yanaongezeka, faili ya jamaa nzima inaweza kukawia. Tumekubali kukawia.

Wengine wanaogopa kwamba bila neno Mama nyumba haitakuwa nyumba. Hapo lugha yetu ina utajiri ambao tunausahau. Kwetu mtoto ana mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo, shangazi, mjomba. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeitwa mgeni, na hakuna anayekaa kwenye kiti cha mama mzazi. Hawa wetu walianza na tantini, kama walivyozoea huko kwao, kisha mama mdogo likaja lenyewe. Wivu hautakosekana. Kusikia mtoto uliyemuuguza akimlilia mwingine usingizini kunauma.

Itakuwaje ikijulikana kwa hakika kwamba wazazi wamefariki, au mtoto mwenyewe akiomba kuwa wetu? Hapo mlango uko wazi, wa kanisa na wa sheria pia. Mwenye miaka 13 ana kinywa, asikilizwe. Ila asiulizwe wiki ya kwanza, wakati anajibu ndiyo kwa kila kitu.

Kwa sasa, katika daftari la Shule ya Jumapili, tumepiga mistari miwili mbele ya jina la kila mtoto: wa kwanza wa wazazi wake na kijiji, wa pili wa wanaomlea. Watoto wanaojua kuandika wanajaza wenyewe. Jamaa mliopokea watoto na hamjafika bado Msalaba Mwekundu, mwoneni mzee wa kanisa baada ya ibada. Mama wawili wamejitolea kuwasindikiza. Mje na mtoto mwenyewe, na muda wa kutosha, maana maswali ni mengi na mtoto hujibu polepole.