Tuwaombee Vijana Waliokufa Vitani

Vita vya Marekani huko Vietnam vilichukiwa na wengi. Mwaka 1982 mjini Washington uliwekwa wakfu ukuta wa mawe meusi wenye majina ya askari waliokufa. Leo yamepita 58,000. Hayakupangwa kwa vyeo, bali kwa siku za kufa.

Hatusemi kwamba vita vile vilikuwa vya haki. Lakini kosa la wakubwa lisidaiwe kaburini kwa mtoto wa mtu. Yuda Makabayo aliwakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za miungu. Hata hivyo alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa dhambi zao.

Basi tusalipo rozari jioni, tuwakumbuke vijana waliokufa vitani, wa pande zote. Kila mmoja alizaliwa na mama.