Karamu Kando ya Mto na Haki ya Jirani

Je, yamjuzu mja kuketi na jamaa zake katika hoteli ya fahari kando ya mto, akaagiza samaki na nyama kwa fedha ambayo ingetosha kununua gunia la mtama, ilhali ajua kwamba ghala ya jirani yake i tupu? Swali hili lamwelemea zaidi mtu wa Mvumi, katika nchi ya Ugogo, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili, na makorongo yakisha kukauka kina mama hufukua mchanga ili wapate maji. Naye, akiwa amejaaliwa kazi mjini, awachukua wazazi wake kula kandokando ya Pangani au Rufiji, mito isiyokauka.

Wapo waihukumuo anasa hiyo kuwa ni dhambi. Sikubaliani nao, kwa maana kumkirimu mama aliyetwanga uwele na kupika mlenda miaka yote, akila mwisho baada ya watoto kushiba, ni wema mtupu. Kurani, katika Suratul Aaraf, yaruhusu kula na kunywa, ikikataza israfu. Na Injili yasimulia kwamba Yesu mwenyewe alihudhuria karamu ya arusi huko Kana.

Walakini wapo wengine, na hao nawapinga kwa moyo wote, wadaio kuwa njaa ya jirani ni kudura ya Mungu isiyomhusu aliyeshiba. Historia ya Ugogo yawakanusha. Njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyoangamiza maelfu ya watu baina ya 1917 na 1920, haikuletwa na ukame peke yake, bali katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalitwaa ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuchukua mizigo, hata mvua ilipokosekana raia hawakuwa na akiba ya kuokoa roho zao. Basi ikiwa mkono wa binadamu waweza kuleta njaa, kuiondoa nako ni faradhi ya binadamu.

Katika kaya ya Mgogo, mgeni afikaye wakati wa chakula hukaribishwa kunawa kabla ya kuulizwa haja yake. Hotelini aingia mwenye fedha. Wala hilo si kosa la mwenye hoteli, maana ndiyo biashara yake, ila wajibu uliotimizwa na mlango wazi wa nyumbani sasa wamwangukia mlaji mwenyewe, naye Yesu, katika Injili ya Luka, aliagiza maskini wasioweza kulipa waalikwe karamuni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wapeleke wazazi wako wakafurahi, lakini kwanza litoe fungu la jirani, nalo limfikie kabla hujaketi mezani. Mlo wa fahari uliotanguliwa na haki hiyo ni shukrani. Usiotanguliwa nayo, ujapoombewa baraka kwa maneno mazuri, ni israfu.