Zaka ya Kileo ibaki Kileo



Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitoa utafiti juu ya sadaka za Waislamu wa nchi hiyo. Walikadiria kuwa mwaka 2020 Waislamu hao, ambao ni karibu asilimia moja tu ya Wamarekani, walitoa dola bilioni 4.3. Wengi wetu tukisikia hesabu kama hiyo tunauliza: tupeleke barua wapi? Lakini utafiti ule ule ulionesha kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo ilibaki huko huko. Wala hawana kosa. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimuagiza kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa mafakiri wao. Hakuambiwa aipeleke Madina.

Tena tumeshaona mlango wa nje unavyofungwa. Januari 2004 Marekani iliyaweka matawi ya Al-Haramain ya Tanzania na Kenya katika orodha ya wanaotuhumiwa kufadhili ugaidi. Siingii katika tuhuma hizo. Nasema tu kuwa yatima anayelishwa kutoka mbali hulala njaa kwa uamuzi uliopitishwa Washington.

Sasa tuje hapa Kileo. Mahindi yaliyoota kwa mvua, au kwa mfereji unaoshuka wenyewe kutoka mlimani, zaka yake ni sehemu moja ya kumi. Aliyemwagilia kwa pampu na kununua mafuta hutoa nusu ya hiyo. Nisabu ni wasaq tano, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa kilo 650 hivi. Basi aliyevuna magunia ishirini kwa maji ya mfereji anadaiwa mawili. Wangapi wanayatoa? Wapo wanaopeleka debe moja msikitini, wakarudi nyumbani wameridhika kuwa wametoa sadaka. Debe hilo lina thawabu zake, lakini deni la magunia mawili liko pale pale.

Surat At-Tawba, aya ya 60, imewataja hata wanaoitumikia zaka. Kukusanya na kuandika ni kazi ya kisheria kabisa. Na tuseme ukweli: wengi hawaikatai zaka, wanakataa kukabidhi magunia mahali ambapo mapato na matumizi hayasomwi. Kamati isiyopenda kuulizwa isishangae magunia yakipita kwenda sokoni. Lisomwe daftari kila baada ya mavuno, baada ya swala ya Ijumaa, bila kutaja majina ya waliopewa. Daftari lenyewe halifiki bei ya debe la mahindi.