Maji Yarudiyo na Haki ya Jirani

Mwanafunzi wa chuoni katika miji ya pwani yetu, afikapo mlango wa twahara katika vitabu vidogo vya fikihi ya Kishafii, hukutana na mas-ala ambayo aghalabu huyapita mbio ili ayawahi yale ya sala, nayo ni mas-ala ya uelekeo. Maji machache, yaani yaliyopungua kile kiasi ambacho wanazuoni wamekiita kulateni, na ambacho kwa vipimo vya leo hukadiriwa kuwa lita 200 na ushei, yakimiminwa juu ya nguo yenye najisi huitwaharisha; lakini nguo hiyohiyo ikitumbukizwa ndani ya maji hayohayo, maji hunajisika pale pale, ijapokuwa rangi, ladha na harufu yake havikubadilika hata kidogo. Vitu ni vilevile viwili, na kukutana kwao ni kulekule. Kilichotafautiana ni kipi kimekiendea kingine. Wako wanaoiona hukumu hii kuwa ni udadisi wa watu wenye wakati mwingi. Mimi naiona kuwa ni katika mambo ya busara kabisa yaliyopata kunenwa juu ya maji, na fundi bomba aliyewahi kuyaona maji yakirudi kinyumenyume angeikubali bila ya kuomba dalili.

Maana desturi ya bomba la nyumbani ni maji kutoka barabarani kuja kwetu, na desturi hii imetukaa nyoyoni hata tukaidhani kuwa ni sheria ya maumbile, hali ni matokeo ya mizani tu: maji huelekea penye msukumo mdogo, na msukumo wa barabarani ukipungua kuliko wa uani, hugeuka yakarudi. Hugeuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufyonzwa: bomba kuu likipasuka, au wazima moto wakiteka maji mengi kwa mara moja, msukumo huanguka, na uzito wa hewa, ambao waweza kuyapandisha maji kiasi cha mita 10 pasipo na hewa ya kuyapinga, huyasukumiza bombani yale yaliyo kwenye ncha ya mpira, yawe ya ndoo ya sabuni, ya dimbwi au ya mtaro. Ya pili ni kusukumwa: chombo kilichofungwa upande wetu kikiwa na nguvu kuliko bomba, chaweza kuyarudisha maji kwa ubavu. Mashine ya kuoshea kwa maji ya kasi, ambayo siku hizi watu huoshea magari, mashua, kuta na sakafu za uani, imebeba hatari zote mbili, kwani hupokea maji yenye msukumo wa baa chache, pampu yake ikayapandisha hadi baa 100 na zaidi, na pembeni mwake aghalabu mna mrija wa kuvutia sabuni au dawa. Valvu zake za ndani zikichakaa, na pale bombani pasiwe na kizuizi, kilichobaki kati ya dawa ile na birika la chai la jirani ni uaminifu wa maji, na maji hayakuumbiwa uaminifu.

Kisa kinachostahili kutafakariwa katika mlango huu ni cha mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwaka 1969. Katika uwanja wa mazoezi wa chuo cha Holy Cross mlikuwa na vishimo vilivyochimbwa ardhini, ndani yake mna mabomba ya kunyweshea nyasi, na watoto wa nyumba ya jirani, ambamo maradhi ya ini yalikuwa yameingia, walikuwa wakichezea maji ya vishimo hivyo. Mwisho wa Agosti moto ulizuka mjini. Wazima moto wakateka maji, msukumo ukaanguka, na maji ya vishimoni yakafyonzwa ndani ya bomba lililopeleka maji mahali ambapo vijana wa kandanda ya Kimarekani walikuwa wakinywa baada ya kutoka jasho. Katika watu 97 wa timu ile, wachezaji pamoja na walimu wao, 90 walipatikana na maradhi ya ini, na michezo ya mwaka huo ikavunjwa baada ya mechi mbili tu.

Sasa na tumtafute mkosa. Watoto walicheza, na mtoto hana hukumu. Wazima moto walitenda jambo ambalo lau wangaliliacha ndipo wangalilaumiwa. Vijana walikunywa maji ya bomba, na kunywa maji ya bomba si taksiri. Wanazuoni wa sheria wamemtenga atendaye kwa mkono wake na yule asababishaye, na Majalla, ile sheria ya Dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876, imeiweka tafauti hiyo waziwazi: mtendaji hudhamini alichokiharibu hata kama hakukusudia, bali msababishaji hadhamini ila pakiwa na kusudi, nao wenye kuisherehesha wakaingiza humo na kuvuka mpaka. Kwa mizani hii anabakia mtu mmoja, yule aliyefunga bomba ndani ya kishimo bila ya kitu cha kuyazuia maji yasirudi. Naye siku ya msiba hakuwapo, hakumwona mgonjwa, hakugusa kikombe cha mtu, na pengine hata jina la timu ile hakulijua. Uvukaji mpaka haukutendeka siku ya moto. Ulikwisha kutendeka siku ya kuunganisha, ukalala humo ardhini ukingojea sababu.

Jambo hili linaisumbua sana dhamiri iliyozoea kujipima kwa nia. Sisi tumelelewa tukijua kwamba amali ya mja hupimwa kwa kusudio lake, na katika hisabu ya mja na Mola wake sina shaka ndivyo ilivyo. Lakini kutoka hapo wengi wamejitolea natija isiyokuwamo, wakadhani kwamba asiyekusudia uovu hakufanya uovu. Mwenye kuosha gari lake Ijumaa asubuhi anakusudia unadhifu, na unadhifu ni jambo la kusifiwa, na labda anakusudia pia kulitumia gari hilo kumpeleka mzee wake msikitini. Nia zote hizo, zikiwa njema kama zilivyo, hazimo ndani ya mpira. Ndani ya mpira mna maji na sabuni, na mbele yake mna valvu au hamna.

Naijua hoja itakayoletwa hapa, kwa kuwa ni hoja yenye heshima. Itasemwa kwamba dini imetukataza wasiwasi, na kwamba katika kanuni kuu za fikihi mna ile isemayo kuwa yakini haiondolewi na shaka, basi maji ambayo asili yake ni twahara hubaki kuwa twahara mpaka ithibitike kinyume, na anayeogopa kila bomba ataishia kutawadha mara kumi na kukosa jamaa. Ni kweli. Lakini kanuni ile imewekwa kumpumzisha mwenye kutumia maji; haikuwekwa kumpumzisha mwenye kuyahatarisha. Anywaye ana haki ya kutegemea asili, maana hana njia ya kuona yaliyo upande wa pili wa ukuta, na kumtaka achunguze ni kumkalifisha asiloliweza. Afungaye mpira anaona ncha zote mbili, shaka yake ni juu ya kitendo cha mkono wake mwenyewe, na kinachoshukiwa kupotea si haki ya Mwenyezi Mungu, ambaye ni mwingi wa msamaha, bali ni haki ya mwanadamu, ambayo haisamehewi ila na mwenyewe. Kwa hiyo shaka moja, juu ya maji mamoja, yampa mmoja ruhusa na kumpa mwingine wajibu. Sioni mgongano wowote katika jambo hili, ingawa nimewasikia watu wenye elimu wakilitatiza.

Wazungu nao, kwa njia yao, wamefika karibu na hapo. Kanuni za Uingereza za mwaka 1999 zimeyagawa maji madaraja 5, kuanzia yale masafi ya kunywa hadi yale yenye hatari kubwa kama yaliyochanganyika na vinyesi, na kila daraja limepewa kizuizi chake, kama vile Matni ya Abu Shujaa, inayosomwa vyuoni kwetu, ilivyoyagawa maji mafungu 4 kwa hukumu zake. Na kampuni ya Kijerumani ya Kärcher, katika maelekezo ya mashine zake za kuoshea, humtaka mnunuzi aweke kitenganishi bombani, kisha ikaongeza neno ambalo mwanafikihi angelitabasamia: kwamba maji yaliyokwisha kupita katika kitenganishi hicho huhesabiwa kuwa si ya kunywa tena, hata kama hayakubadilika. Hiyo ni hukumu inayofanana mno na ile ya maji mustaamali, ambayo ni masafi lakini yametoka katika kazi yake ya kwanza.

Katika vizuizi vyenyewe, kilicho bora katika vile vya kufungwa bombani ni kile chenye valvu mbili na chumba katikati. Msukumo wa barabarani ukidhoofika hata ukakaribia kulingana na wa uani, chumba kile hufunguka kikamwaga maji chini, mbele ya macho ya watu, badala ya kuyaacha yarudi kwa siri. Nami napenda chombo kisichoona haya kumwaga. Lakini hakuna kizuizi kinachoshinda hewa tupu. Pipa likijazwa kwa bomba ambalo mdomo wake umeinuliwa juu ya ukingo wa pipa kwa kiasi cha mara mbili ya upana wa bomba lenyewe, na mashine yenye uwezo wa kuvuta ikavuta ndani ya pipa hilo, basi hapana msukumo wala mfyonzo utakaoyarusha maji yale kuuvuka uwazi huo. Haina chuma cha kuchakaa wala mpira wa kupasuka njia hii, na mtu maskini aiweza sawasawa na tajiri.

Nasema hivi nikiikumbuka hali ya miji yetu. Lile lililohitaji moto mkubwa kutokea Worcester, kwetu Dar es Salaam na Mombasa laweza kuletwa na mgao: maji hufunguliwa kwa zamu, bomba hukauka kwa saa nyingi, na kukauka kwake ndiko kuvuta ndani kila kilicho kwenye viungo vilivyolegea na kwenye ncha za mipira iliyosahauliwa madimbwini. Tena wako waliofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili wavute kabla ya majirani, nao kwa kuvuta huko huzidi kuudhoofisha msukumo, jambo ambalo ni dhulma mara mbili, kwa kupokonya maji na kwa kuyaalika machafu.

Limebaki suala la gharama, ambalo si dogo kama linavyodharauliwa. Wengi wa vijana waoshao magari kandokando ya barabara zetu hawamiliki mashine. Wanaikodi kwa siku kutoka kwa mwenye nayo, na bomba ni la mwenye kiwanja. Wa kununua kizuizi ni nani kati ya hao watatu? Wanazuoni wamefungamanisha faida na dhamana, kwamba anayevuna pato la kitu ndiye abebaye hasara yake, na kwa kanuni hiyo mimi naona wajibu wa kwanza ni wa mwenye mashine, aiambatishe valvu kabla haijatoka dukani kwake, kama anavyoiambatisha bei. Wa pili ni wa mwenye kiwanja, ambaye koki ni yake na ndiye mwenye ahadi na watu wa maji. Kijana wa kuosha sikumtoa kabisa, kwa kuwa mkono unaofunga mpira ni wake, ila yeye namtaka lile asilohitaji kulinunua: autoe mpira ndani ya ndoo aondokapo kwenda kula.